Barfi Aliyoichagua Wifi

Nimemwekea wifi yangu kinyongo tangu siku ya ndoa yangu, na sioni haya kulisema. Watu huniambia samehe, mambo ya zamani hayo, nyote sasa ni watu wazima. Waache waseme. Hawakumwona mama yangu siku ile.

Huyu wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Kwao, kama kwetu, upande wa bibi harusi hupeleka sinia la vitamu kwa kina bwana harusi, limefunikwa kawa, na dada mkubwa wa bwana harusi ndiye anayefunua. Anaonja, anasema "Tumepokea", vigelegele vinapigwa, watu wanakula. Ni jambo la dakika chache tu. Mama alikuja kutoka kijijini, huko upande wa Madimba, na kashata za korosho alizozibangua mwenyewe. Anayejua kubangua korosho kwa mkono anajua ninachosema: yale mafuta ya maganda yanaunguza, ngozi ya vidole inabanduka, na weusi wake hautoki kwa sabuni. Mama alikuja harusini kwangu na vidole hivyo amevificha ndani ya kanga.

Wifi akafunua kawa, akatazama, akabinua mdomo.

"Kashata? Si ndizo hizi wanazouziwa watoto wa shule getini?"

Wenzake wakacheka. Hakuonja hata chembe. Akarudisha kawa mahali pake, akasema neno moja tu: "Rudisheni."

Sinia likarudi lilivyokwenda. Mama alilipokea mlangoni, akakaa nalo mapajani, hakulia. Alisema tu kwamba hatakaa mkeka mmoja na ukoo ule mpaka mwanamke yule ale kilichotoka mkononi mwake. Na kweli hakukaa. Nimezaa, nimefanya akika, nimefuturisha watu mwaka hadi mwaka, na mama yangu mzazi anapitia mlango wa uani, anakaa jikoni na masufuria, mwiko hagusi, mpaka wageni waondoke. Kila nilipopeleka chakula barazani nikamkuta wifi amejinyoosha kwenye mto, roho yangu ilikuwa inachemka. Nikamkaribisha, nikamwongezea mchuzi, nikacheka naye. Moyoni nilikuwa nasema, ipo siku yako.

Siku yake ikaja binti yangu alipoposwa.

Sasa wifi ni shangazi mtu, na shangazi kwenye ndoa ya mtoto wa kaka yake ndiye mwenye sauti. Hakuna sinia litakalotoka nyumbani kwangu Rahaleo kwenda kwa wakwe kabla yeye hajalionja mbele ya wanawake wa ukoo na kusema lile neno la kupokea. Alikuja asubuhi moja, hata chai hakuimaliza, akaanza.

"Wifi, mara hii tusiaibishane. Wakwe ni watu wa mjini. Sitaki kashata zenu za shamba. Tutapeleka vitamu vya Kipakistani, nilivila Dar kwenye harusi ya watu wanaojiweza. Yule mama wa Kipakistani hapa mjini si anapika kwa oda? Nipeleke nikachague."

Zenu za shamba! Binti yangu alikuwepo, anasikia. Wifi alipoondoka, binti akaniuliza, "Mama, na bibi siku yangu atakaa jikoni?" Nikamwambia bibi yako atakaa mbele, mkekani, ubavuni kwako. Niliyasema hayo sijui nitayafanyaje.

Yule mama wa Kipakistani ameolewa na mwenye duka la vipuri, na sebule yake inanukia samli na hiliki tangu barabarani. Alituwekea sahani ya kuonja. Kulikuwa na jalebi za moto, shira inachuruzika. Kulikuwa na ladu za njano, na gulabjamun, madonge ya maziwa ya kukaanga, zimelala kwenye bakuli la shira. Pembeni kulikuwa na barfi za maziwa, vipande laini mfano wa kashata, na barfi nyingine nyeupe nyembamba zilizokatwa pembe pembe, juu zimebandikwa utando wa fedha unaong'aa. Wifi alizigusa zote kwa ncha ya kidole. Jalebi zinachafua mikono. Ladu zinamomonyoka. Gulabjamun zitamwaga shira kwenye gari la watu. Mwenye nyumba anaitikia tu, mpole wa watu.

Alipofika kwenye zile nyeupe akachukua moja, akaanza kuubandua ule utando kwa kucha. Alibandua kwa bidii, vipande vinamganda vidoleni, anavipangusa pembeni mwa sahani, huku ananiambia, "Toa karatasi kwanza, wifi, usije ukaila."

Karatasi! Ule utando unaliwa, ndio pambo lake, kila anayepika barfi anajua, na mimi nilishakula kwa huyu mama mara nyingi. Mwenye nyumba alifungua kinywa amwambie. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Nami nikabandua wa kwangu taratibu, kwa adabu, kama wifi. Utamu nilioupata pale haukuwa wa sukari, wallahi.

Akatafuna. Akafumba macho.

"Hii ndiyo tamu ya watu. Hizi ni lozi. Mimi lozi nazijua."

Hazikuwa lozi. Zilikuwa korosho, zimesagwa zikapikwa na sukari na maji ya waridi. Korosho ileile ya kwetu, iliyomfanya mama yangu awe kichekesho. Nilibaki nimeitazama ile sahani, na palepale nikajua binti yangu sikumdanganya.

"Basi tuchukue hizi," nikasema. "Wewe ndiye umechagua, wifi."

"Nani mwingine angechagua?" akasema.

Kesho yake nilikuwa kijijini kwa mama. Nilimweleza yote. Hakucheka, ingawa nilidhani atacheka. Aliuliza tu, "Atakula kweli?" Nikamwambia ameshazila za mwingine na amefumba macho. Akainuka, akaenda kutoa gunia.

Alibangua mwenyewe, alikataa kusaidiwa. Akachagua nyeupe nzima nzima, akaja nazo mjini, akaingia jikoni kwa yule mama wa Kipakistani. Wale wawili hawakuwa na maneno mengi, mmoja Kiswahili chake cha dukani, mwingine chake kina Kimakonde ndani, lakini walisaga pamoja, na mama ndiye aliyeshika mwiko mpaka donge likaachia sufuria. Mwenyeji akamwonyesha namna ya kubandika utando wa fedha bila kuugusa kwa kidole. Mama akaurudia mpaka ukakaa sawa.

Ikafika siku ya kuonja. Sebule imejaa wanawake wa ukoo, wengi ni walewale waliocheka. Binti yangu amekaa mkekani, mkono umejaa hina, na pembeni yake nimeacha nafasi. Mama yuko jikoni kama kawaida yake. Wifi alifunua kawa, akabandua utando, akawafundisha na wenzake kubandua, kila mmoja ana takataka za fedha mapajani. Halafu akala. Akala ya pili. Akaifuata ya tatu.

"Tumepokea!" akasema, na vigelegele vikapigwa. Tena akazidisha, maana wifi akipata watu hajui kunyamaza. "Aliyezipika yuko wapi? Namtunza mimi, mbele yenu nyote!" Akavua kanga yake mpya begani, akaitandaza mikononi, anasubiri. Alidhani ataingia yule Mpakistani.

Nilikwenda jikoni. "Mama," nikamwambia, "unaitwa."

Aliingia na kanga zake za kazini, na safari hii vidole hakuvificha. Nikasema kwa sauti ya kuwafikia hadi waliokaa mlangoni: "Wifi, si lozi hizo. Ni korosho za mama yangu. Kabangua yeye, kapika yeye, ni mkono uleule uliourudishia sinia siku ya ndoa yangu. Haya, mtunze."

Mtu aliguna. Mwingine akainamisha kichwa. Wifi bado ana kipande shavuni, hajui akimeze au akiteme. Akakimeza. Angefanya nini? Ahadi ameitoa kwa mdomo wake. Akasogea, akamwekea mama kanga begani.

"Nimekutunza, mama," akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Mama aliishusha ile kanga. Akaikunja vizuri, pindo kwa pindo, akaiweka juu ya kawa, akamsogezea binti yangu. Hakuwa na hasira usoni. Alisema neno moja tu.

"Rudisheni."

Binti yangu akaichukua kanga, akamrudishia shangazi yake kwa mikono miwili. Kisha mama akakaa mkekani, mbele kabisa, ubavuni kwa mjukuu wake, akanyoosha mkono wenye madoa kwenye sinia, akachukua barfi, na watu wote wakimtazama akaila pamoja na utando wake wa fedha.