Flashi ya Shangazi Zaituni
Juzi nilimwona mwanafunzi wangu akichomeka flashi kwenye laptop iliyogoma kuwaka, nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu pale Mwanga, katika duka la picha la shangazi yangu Zaituni.

Duka lilinukia wino wa printa na dagaa wa sokoni. Kompyuta ilikuwa imegoma tangu asubuhi, na picha zote za babu, tuliyemzika wiki ile, zilikuwa humo. Bibi alikuwa amekuja kutoka Ujiji kuzifuata. Alikaa kwenye benchi, akisubiri.

"Imekufa?" nilimuuliza shangazi.

"Haijafa. Windows ndiyo imeharibika, picha zipo." Akachomeka flashi. "Humu kuna Linux. Ni ndogo, lakini itaiamsha."

Mimi nilielewa kwamba babu yumo ndani ya flashi na sasa anaamshwa. Leo najua flashi ile haikuwa na picha hata moja. Ilikuwa na mfumo mwepesi tu, wa kuwashia kompyuta na kufikia diski yake. Lakini feni ilipoanza kuvuma na maandishi meupe yakateremka kwenye kioo cheusi, nilisimama wima nikasema, "Shikamoo babu!"

Shangazi aligeuka kunitazama.

"Marahaba, mjukuu wangu," bibi alijibu kwa niaba ya babu.

Shangazi akafungua folda, na babu akatokea ufukweni Kibirizi, suruali imekunjwa hadi magotini. Bibi alisogea, akakigusa kioo kwa kidole.

"Nitolee nakala ya hii," alisema, akianza kucheka. "Siku hiyo alinidanganya kwamba anajua kuogelea."