Betri ya Pili

Asubuhi ile, kabla ndege hazijaanza kuja, ugomvi mkubwa katika handaki letu ulikuwa sukari. Mrisho alitia vijiko vitatu kwenye chai yake, akanipitishia kopo tupu, akacheka. Alikuwa na meno mazuri. Hata meno yake nilimwonea wivu.

Tulikwenda pamoja vita vya Kagera, tukafundishwa pamoja silaha iliyokuwa ngeni kwetu: kombora la kutungulia ndege, lile la kubeba begani. Lilifuata moto wa injini lenyewe, lakini ufundi wake ulikuwa bado mchanga. Ndege ikija usoni kwako, kombora halioni kitu. Ilibidi uiache ikupite, na mabomu yake, ndipo uigeukie mkiani. Mrisho alichaguliwa kupiga. Mimi niliyempita darasani nikapewa kazi ya kumbebea betri.

Betri ile ukiiwasha haimalizi dakika, imekufa. Ndiyo maana mpigaji alikuwa na msaidizi. Akinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, betri ya pili iwe kiganjani mwake.

Ndege ilikuja saa nne asubuhi. Mrisho akawasha. Rubani akazunguka mbali kuliko tulivyodhani, na betri ikafa. Halikuwa kosa la Mrisho.

"Deo, betri!"

Nilikuwa nayo mkononi. Afande alikuwa akitutazama kutoka handaki la pili.

Nikaishikilia.

Nilitaka akose. Mara moja tu, Afande aone.

Ndege ikatupita juu, mkia wazi. Mkono wa Mrisho ulikuwa bado nyuma, mtupu. Nilipompa, ndege ilikuwa imeshageuka, inaturudia na mabomu yake.

Nilizinduka nimefukiwa hadi kifuani. Mrisho hakuzinduka.

"Ilikuwaje?" Afande aliuliza.

"Aliwasha mapema, Afande."

Sasa mimi ni mstaafu, nakaa Jakobsberg. Nilikuja Sweden kusoma, nikafanya kazi ya uhandisi Kista miaka mingi. Zuhura, mdogo wake Mrisho, alimfuata mumewe huku, na anakaa Märsta. Kila mwaka humsomea kaka yake hitima, na kila mwaka huniomba niseme neno. Nami husema yaleyale: alikuwa shujaa, ila alikuwa na haraka. Watu wanaitikia, kisha wanamsifu vilevile. Nilikuwa narudi nyumbani nimenuna. Mtu yuko kaburini, na bado ananishinda!

Mwaka huu mjukuu wa Zuhura aliuliza jambo kwa Kiswidi, huku akionyesha picha ya Mrisho ukutani. Bibi yake akamjibu kwa Kiswahili.

"Babu Mrisho alikufa kwa haraka zake mwenyewe. Muulize Babu Deo, alikuwepo."

Nikaiweka chini sahani yangu ya pilau. Maneno yalikuwa yangu, na sasa yalikuwa yanarithishwa mtoto.

Wageni walipoondoka nilimfuata Zuhura jikoni, nikamweleza yote. Alikuwa anasugua sufuria. Akafunga maji.

"Miaka yote hii nimemsema marehemu," akasema. "Mama amekufa akiamini mwanawe alijiua kwa papara. Kaka Deo, betri ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Mkononi?"

"Mkononi."

Hakunifukuza. Alikaa sakafuni na mikono yake yenye povu, akamlilia Mrisho kama vile habari za msiba zimefika siku ile. Sikuthubutu kumgusa. Nilijichukulia koti langu, nikaufunga mlango taratibu.

Kwenye treni nilikaa peke yangu. Nilijua hitima itasomwa tena mwakani, na kwamba mimi sitaitwa. Nilijua pia kwamba Mrisho amerudishiwa jina lake, nami nimepoteza nyumba pekee huku nilikokuwa naitwa kaka. Nilistahili. Lakini kwa kuwa nimeshaanza kusema ukweli, niumalize. Nilikumbuka jinsi Zuhura alivyolia, nikajiuliza ni nani atakayenililia mimi hivyo. Hata machozi yale nilimwonea Mrisho wivu.