Mikebe Iliyotobolewa Chini

Mume wangu alikuwa na mikebe ya bia arobaini na kitu, yote ya zamani, na hakuwa mlevi. Hivyo ndivyo nilivyoamini miaka yote ya ndoa yetu, isipokuwa siku mbili.

Alifanya kazi ya usafi katika hoteli moja Naivasha. Siku za kazi alilala huko huko, mtaa wa Kihoto kando ya ziwa, katika chumba cha kupanga, na Jumamosi alirudi nyumbani hapa mtaa wa Section 58, mji mwingine. Mtalii mmoja alimwambia kwamba kwao watu hukusanya mikebe ya bia, na ile iliyoacha kutengenezwa huja kuwa na bei. Akaamini. Mwaka ambao ziwa liliingia Kihoto, alirudi na boksi la mikebe likiwa kavu na godoro likichuruzika maji. Nilipomuuliza, alisema, "Godoro litatengenezwa lingine. Hii mikebe haitengenezwi tena."

Aliipanga juu ya kabati, akawa anaipangusa mwenyewe. Mimi sikuwahi kuushika hata mmoja. Tulikuwa tumeokoka, na pombe kwetu ni mwiko.

Alipofariki, akina mama wa kanisa walikuja, kama ilivyo kawaida yetu, kutoa vitu sebuleni ili wageni wapate pa kukaa. Waliposhusha mikebe, mmoja akasema, "Mama, hizi bado zimefungwa." Juu ilikuwa haijafunguliwa kweli, lakini ilikuwa myepesi. Wifi yangu akageuza mmoja. Chini kulikuwa na matundu mawili madogo ya msumari.

"Kumbe ndugu yangu alikuwa mjanja," alisema. "Ananyonyea huku chini, mke akiangalia juu anaona iko sawa."

Wengine walicheka kidogo. Wakaitia mikebe kwenye gunia. Mimi nilienda kuchambua mchele.

Siku mbili sikumlilia. Watu walisema nina nguvu. Haikuwa nguvu. Nilikuwa nakumbuka Jumamosi zote nilizomfungulia mlango, nikijaribu kurudisha akilini harufu ya pumzi yake, kama ilikuwa na pombe.

Siku ya tatu alikuja mzee mmoja aliyekuwa akihudumu katika baa ya ile hoteli. Baada ya pole na chai aliuliza, "Mama, ile mikebe yake iko wapi?"

Nilitaka kusema sijui. Nikamwonyesha gunia kwenye kona ya jikoni.

"Nani aliitupa humu? Itabonyea." Akapiga magoti, akaanza kuitoa mmoja mmoja. "Mzee wako alinisumbua sana. Nikitaka kufungua bia ya mgeni, anasema ngoja. Eti mkebe ukifunguliwa juu hauna bei, lazima ukae kama mzima. Basi natoboa chini na msumari, namimina kwa glasi, mgeni anacheka. Yeye amesimama hapo na ufagio, anangojea mkebe wake."

"Na yeye alikuwa anakunywa?" niliuliza. Wifi alikuwa mlangoni, ameshika sinia ya vikombe.

"Huyo? Kuna siku mgeni alimnunulia moja. Akaniambia bia nimwage, yeye nimpe mkebe. Tulikuwa tunamwita pasta."

Wifi aliweka sinia chini. "Mke wa ndugu yangu," alisema, "huu mdomo wangu." Hakumaliza.

Nililia hapo hapo jikoni, nimekalia lile gunia tupu, hadi mzee akaanza kuniomba msamaha akidhani ameniumiza.

Baada ya mazishi alipita mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Rhonda. Aliitazama mikebe akaniambia, "Mathe, hizi zote hazifiki hata kilo mbili." Labda ni kweli. Mingine imeshika kutu, na yule mtalii huenda alikuwa anapiga domo tu. Sijui itakuwa na bei gani miaka ijayo, na singojei kujua.

Niliirudisha juu ya kabati. Sasa naipangusa mimi. Mgeni wa kanisa akiitazama kwa jicho la pembeni, nashusha mmoja, naugeuza, namwonyesha matundu, na kumwambia ni nani aliyatoboa.