Siku Nilipompa Baba Kazi ya Urubani

Nianze na ujinga wenyewe, ili usipoteze muda kunipenda: nilimwandikia baba yangu barua ya kuitwa kazini. Kazi ya kurusha ndege.

Nilikuwa kidato cha tatu, na nilikuwa nimepewa adhabu ya kufagia ofisi ya shule kwa kosa ambalo hadi leo naliona linachekesha. Karani alikwenda kunywa chai, akaacha mashine ya taipu na karatasi zenye nembo ya shule. Nikakata kipande cha juu chenye nembo, kisha nikataipu kwa Kiingereza cha kutisha kwamba kampuni imeridhika na maombi yake, afike Jumamosi saa tatu asubuhi uwanja wa ndege Moshi, aje na vyeti, tayari kuruka. Sahihi niliitunga mwenyewe, ndefu yenye mikia, kama ya mtu mwenye gari. Kile kipande cha nembo nilikificha kwenye daftari la jiografia, kama mwindaji anavyoficha pembe.

Kuifikisha haikuwa kazi. Kwetu Mwika hakuna mtu wa kukuletea barua mlangoni. Barua zetu zilipitia sanduku la shule, na mbebaji nilikuwa mimi.

Sasa baba. Baba alikuwa fundi wa ndege ndogo, miaka arobaini na sita, kipara, tumbo la mbege, ile pombe yetu ya ndizi. Nusu ya maisha yake alilala chali chini ya ndege za watu, akarudi nyumbani na oili masikioni. Wazee wawili wa mjini wenye ndege zao walizoea kumlipa kwa kumfundisha kuruka. Basi, umri ambao wenzake walikuwa wanangoja wajukuu, yeye alikuwa anangoja matokeo ya mtihani. Wa hali ya hewa alianguka mara mbili. Mdogo wangu wa darasa la tano akamuuliza mezani, "Baba, na wewe unarudia darasa?" Nilimpa mdogo wangu nyama yangu kwa swali lile.

Mwishowe akafaulu, akapata leseni ya kubeba abiria. Ulikuwa wakati ule kila kitu kimeruhusiwa: wanunuzi binafsi wa kahawa na mizani zao za ajabu, mitumba kila kona, na vikampuni vya ndege vinavyopeleka Wazungu mbugani. Baba aliomba kote. Majibu nilikuwa nayajua kabla hayajafunguliwa, kwa wembamba wa bahasha. Ikabaki kampuni moja, ambayo ndege zake alizitengeneza kila wiki kwa mikono yake. Mkurugenzi wake alimwambia, "Tutaona, fundi." Baba aliishi kwa neno hilo miezi mitano. Nami nikaona nimsaidie kuona.

Haki ya Mungu, nilipanga kumwambia siku hiyohiyo. Lakini aliisoma barua amesimama kwenye mibuni, akavua kofia, akaisoma tena. Akaingia migombani. Alivyorudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima.

Alhamisi ukoo ukaja. Mbege ikaletwa, mtori wa ndizi ukapikwa. Baba mkubwa, kaka yake baba, ambaye hajawahi kumsifia mtu aliye hai, aliinua ile barua juu kwenye mwanga kama anapima noti.

"Wewe? Na hilo tumbo, ndege itakubali kunyanyuka?"

"Soma mwenyewe, kaka."

"Mbona haina muhuri?"

"Kampuni binafsi siku hizi hazina mambo ya muhuri."

Hapo nilitoka nje nikacheka nimeuma shati. Niliporudi, mzee wa ukoo alikuwa amejaza mbege mdomoni. Akamnyunyizia baba kifuani kumbariki, akimwambia aende na arudi, apande na ashuke. Mimi ndiye niliyemshikia kibuyu. Mama alikuwa anafuta machozi kwa pindo la kanga. Hapo ndipo ningesema. Sikusema, kwa sababu ilikuwa bado inachekesha, na kwa sababu nyama ilikuwa haijaiva.

Jumamosi baba akanichukua nimbebee mkoba. Alivaa shati jeupe la mitumba, na mabegani fundi cherehani alikuwa amemshonea alama za rubani, vipande vyeusi vilivyotoka kwenye suruali yangu ya zamani. Yaani baba alikwenda kuwa rubani amebeba makalio yangu mabegani. Hilo nalo niliona nitawasimulia wenzangu shuleni.

Pale uwanjani marubani vijana walikuwa wamekaa kwenye benchi la kampuni. Mmoja, mwenye miwani myeusi, hakuzidi miaka ishirini na minne.

"He! Fundi! Leo umekuja kutuhudumia chai?"

Baba akatabasamu, akaomba kumwona mkurugenzi. Mkurugenzi akatoka, akasoma, akageuza karatasi nyuma, akasoma tena mbele.

"Hii kaandika nani?"

"Ninyi, bosi."

"Sahihi hii si yangu. Fundi, umejiandikia barua?"

"Hapana, bosi. Imekuja kwa posta."

"Stempu iko wapi?"

Baba akaitazama bahasha kama ndiyo kwanza anaiona. Stempu sikuweka. Mafundi wenzake walikuwa wameshatoka karakanani, spana mikononi, wanasikiliza.

"Mtu anayejiandikia barua ya kazi," mkurugenzi akasema kwa sauti ya watu wote, "nimpe roho za watu? Na nitajuaje kama hughushi hata kwenye kitabu cha matengenezo? Usiguse ndege yangu tena."

Yule wa miwani akasema, "Kapteni, toa magurudumu, unatua." Benchi zima likacheka.

Na mimi nilicheka. Kidogo tu, kwa pua. Lakini baba alisikia, akageuka akaniangalia. Hakujua bado. Aliniangalia tu kama mtu anayemwona mwanawe akicheka.

Jioni ile nyumbani hakula. Aliketi kwenye kigoda na zile alama bado mabegani. Nikaelewa kwamba sikumnyima urubani tu. Nilikuwa nimemnyang'anya hata kule kulala chali chini ya ndege, kazi pekee ambayo hakuna mtu aliwahi kumcheka kwayo. Na ni mimi tu niliyeweza kusema nani kaandika.

Lakini mimi ni mjanja, na ujanja wangu ni wa Kichagga. Kwetu kuna isale, lile jani tunalopanda mipakani mwa kihamba, shamba la ukoo. Ukimkosea mtu ukampelekea isale lililofungwa fundo, hawezi kukataa kukusamehe. Kawaida unamtuma mtu mzima aende nalo, na kosa linajulikana kwanza. Mimi nilichuma mwenyewe, nikafunga fundo, nikamnyooshea baba kabla sijasema kitu.

"Umevunja nini?" akauliza.

"Pokea kwanza, baba."

"Redio?"

"Pokea kwanza."

Akapokea. Pengine alifikiri ni kile kicheko. Ndipo nikamwambia.

Mama alikuwa mlangoni na sufuria, hakusogea. Baba alilitazama jani, akanitazama mimi, na nilimwona akitafuta njia ya kulirudisha. Haipo.

"Nimepokea," akasema. Kisha akasema tena, "Jumatatu huendi shule. Utakuja useme mbele yao."

Jumatatu nikasema, nimevaa sare, mbele ya benchi lilelile. "Shikamoo. Barua niliandika mimi."

Mkurugenzi hakuitikia hata shikamoo. "Fundi, sasa umefika mahali pa kumfundisha mtoto uongo?"

Nikafungua daftari la jiografia, nikatoa kile kipande chenye nembo. Akaingia ofisini akaitoa barua kwenye droo, akarudi akaviweka pamoja benchini. Vikakutana kingo kwa kingo, hata pale mkasi ulipoteleza. Nikafikiri, basi, nimemwokoa mzee, hata nikaanza kupanga nitakavyolisimulia.

"Sawa. Si wewe," mkurugenzi akasema. "Rudi karakanani, fundi, kazi yako ipo."

"Na ile nyingine, bosi?" Baba aliuliza kwa sauti ndogo. "Maana uliniambia tutaona."

"Ile tulishampa kijana tangu mwezi uliopita." Akaonyesha kwa kidevu, yule wa miwani. "Utu uzima, fundi. Mgeni akipanda ndege anataka kumwona kijana mbele, si babu. Nilikuwa sijui nikuambieje. Hii barua ya mwanao kwa kweli ilinirahisishia."

"Asante, bosi," baba akasema.

Akavaa ovaroli juu ya nguo zake. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa ndege ya yule kijana, gurudumu la mbele. Nilisimama pale nikamwona anajilaza chali, anasukuma miguu, anaingia chini taratibu, kwanza kipara, kisha tumbo. Yule wa miwani akaniletea soda. Nikainywa.

Tulirudi nyumbani alasiri. Baba akapita moja kwa moja migombani. Mama alikuwa anapakua machalari, ndizi na nyama. Akaniuliza wamesemaje, nikamwambia yote, pamoja na lile neno babu, na nilitaka kuongeza kitu kidogo kuhusu gurudumu ili hewa ipungue uzito. Akaninyanyulia mwiko ninyamaze. Akafunika sahani ya baba, akasema:

"Kamwite baba yako aje kula. Na usimchekeshe."