Fundo la Mkono wa Kushoto

Kamba ya katani ikilowa inanuka ziwa, hata kama haijawahi kufika ziwani. Asubuhi hii mvua imelowesha ile ninayowatembezea watoto wangu wa shule ya Jumapili.

Siku ile ya utotoni tukipanda kivuko cha Busisi, mwalimu wetu alikuwa na kamba kama hii, na kila mtoto alishika fundo lake. Rafiki yangu alikuwa nyuma yangu. Kandambili yake ilichomoka, ikaangukia majini.

"Nishikie fundo langu," akaninong'oneza. "Narudi sasa hivi."

Nikalishika kwa mkono wa kushoto. Watu walikuwa wanasukumana, mwalimu akauliza bila kugeuka, "Mafundo yote yameshikwa?"

"Ndiyo, mwalimu." Sauti yangu ilizidi za wenzangu. Kivuko kikaondoka.

Jioni wavuvi waliutoa mwili wa rafiki yangu kwenye magugu maji. Nilipoulizwa, nilisema sikumwona akiachia fundo.

Mama yake bado anasali nasi. Leo amesimama mlangoni, ananiangalia nikihesabu nyuso za watoto, moja moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Ameigusa kamba, akanusa vidole. "Kwako watoto hawapotei."