Bibi Alitoka Kwashemshi

Sisi tuliokulia Sindeni miaka ya redio za betri tulikuwa watoto wa kijiji kizima. Ukikutwa unatupia mawe embe za watu, mzee yeyote alikushika sikio na kukuuliza, "Wewe wa nani?" Jina lako halikumhusu. Ulimtaja baba, ukamtaja babu, na kabla hujafika upande wa mama mzee alishajua mashtaka ayapeleke nyumba gani. Vijana wa leo ukiwauliza hivyo wanakutajia jina walilojipa wenyewe kwenye simu.

Nilikuwa darasa la nne mwalimu wetu alipotutuma tukaulize majina ya wazazi wa bibi na babu zetu, kisha tukirudi kutoka likizo ya mavuno kila mmoja asimame ayataje. Tulishangilia, maana hesabu hazikuwemo. Jioni ile, baada ya kucheza rede mpaka miguu ikawa myekundu kwa vumbi, nilimfuata jikoni Bibi Mwanaidi, mama yake baba. Alikuwa anasonga ugali wa muhogo, na mlenda ulikuwa tayari kwenye chungu pembeni.

"Bibi, baba yako aliitwa nani?"

Mwiko ukasimama.

"Kaniki," alisema. "Wa Kwashemshi, huko milimani."

"Yuko hai?"

"Sijui, mjukuu wangu."

Nilicheka nikidhani ananitania. Baba, aliyekuwa anapachika mpini wa jembe mlangoni, hakucheka. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa kwamba kwa kina mama yake hakubaki mtu.

"Mama, si ulisema kwenu waliisha?"

"Nilisema hivyo ili msiniulize. Walimkataa baba yenu, eti Mzigua mchuuzi wa tumbaku, atanipeleka porini nikafe njaa. Nikamfuata bila kuaga. Sasa nirudi na uso gani?"

 Mahindi yalipovunwa baba alimnunulia khanga mpya, akatuchukua sote wawili tukapanda basi la Korogwe. Bibi hakula kitu njia nzima. Mimi nilikula mihogo ya kuchoma ya kwangu na ya kwake. Kutoka Korogwe tulipata lori lililokuwa linafuata ndizi, likatushusha njiani, tukapanda mlima kwa miguu. Hewa ilikuwa ya baridi na ilinukia udongo mbichi. Bibi, ambaye nyumbani kila siku alilalamikia magoti, alitutangulia kama binti.

Kwenye boma moja lililozungukwa na migomba tulimkuta mzee anapasua kuni. Bibi akamsalimia kwa Kishambaa, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiizungumza. Mzee akaweka shoka chini. 

"Mwanaidi," mzee akasema. "Mama alikutuma maji mtoni. Yako wapi?"

Kumbe bibi yangu alitoroka na mtungi kichwani!

"Njia ilikuwa na utelezi, kaka," bibi akajibu.

Yule mzee, Babu Rashidi, alicheka mpaka akakaa juu ya kuni zake, kisha kicheko kikageuka kilio, na bibi naye akapiga magoti pale pale. Wazazi wao walikuwa wameshafariki. Babu Rashidi alituonyesha makaburi nyuma ya migomba, akasema mama yao hakuruhusu mtu yeyote alale kwenye kitanda cha binti yake mpaka mauti yalipomkuta. Bibi alibaki kule peke yake, nasi tukamwacha. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini aliomba chakula, akala ndizi na maharage sahani mbili.

Tulikaa wiki nzima. Nilirudi shuleni na majina mengi kiasi kwamba mwalimu aliniomba nikae ili na wenzangu wapate nafasi.

Siku hizi wapwa zangu huniuliza waanzie wapi kuutafuta ukoo wao. Nawaambia waanze na mtu mzee kuliko wote nyumbani, waende leo, wabebe karanga za kumenya wakae naye. Wengine huja kweli. "Shikamoo shangazi, tupe ukoo wetu kwa kifupi," wanasema, na simu imeshaanza kunirekodi. Enzi zile bibi alisimulia mpaka karanga zikaisha, akatuma zingine ziletwe. Hawa wa sasa, nikifika tu kwa mama yake bibi, wameshainuka, wananikumbatia, wanasema wameelewa. Nasikia pikipiki inaondoka, nami nabaki nimekaa barazani na watu wote wale ambao sijawataja bado.