Injini ya Mama Masizi

Gatini hakuna aliyehitaji kuuliza boti ya Mama Masizi imefika wapi. Ilisikika kabla haijaonekana. Kwanza kikohozi, kisha mngurumo, kisha moshi mweusi, na ndani ya moshi huo mwanamke mwenye kilemba, mkono mmoja umeshika usukani, mwingine unapigapiga kifuniko cha injini kama anayebembeleza mtoto mkaidi. Alivusha watu, magunia, mbuzi, hata majeneza. Aliyepanda na shati jeupe alishuka nalo la kijivu, na jina likatokea hapo.

"Mama Masizi, leo umetuvusha au umetubanika?" abiria walimtania.

"Nimewakausha kidogo, msije mkaoza njiani."

Wakacheka, naye akacheka. Akifika nyumbani alikohoa mpaka akashika ukuta.

Injini ile aliinunua yeye. Aliuza cherehani ya marehemu mama yake, kitu pekee alichorithi duniani, akampa mumewe fedha zote mkononi. Mume akaenda, akarudi na injini, na tangu siku hiyo watu wakamwita Nahodha. Mke ameuza, mume amepata cheo. Nahodha aliendesha mpaka injini ikagoma kwa kukaushwa oili, maana oili aliiona ni kumwaga hela majini. Injini ilipokufa, naye akala kona. Alihamia kwa mwanamke mwenye duka, mji wa pili kutoka pale. Hakuaga. Mama Masizi alijua ameachwa alipokuta mswaki haupo.

Boti ikalala matopeni, kuku wakatagia ndani. Mama Masizi akamfuata fundi wa injini. Hakuwa na cha kumlipa, akakubali kumfulia maovaroli yake yaliyoganda grisi. Kila alipopeleka yaliyokauka, alichuchumaa pembeni akamwangalia anavyofungua na kufunga. Shule hakwenda, lakini macho alikuwa nayo. Akaziba matobo ya boti kwa mikono yake, yeye na fundi wakaifufua injini, na siku ilipokohoa kwa mara ya kwanza alilia kama mtu aliyefiwa.

Kilichokuja kumponza ni aibu. Watu walipomuuliza, "Mzee yuko wapi siku hizi?" alijibu, "Amesafiri kikazi." Alikuwa na binti wa kuozwa, na nyumba iliyokimbiwa na baba, wachumba huipita kwa mbali. Basi akamtunzia mwanamume yule jina. Alipoezeka bati jipya, alisema Nahodha kaleta fedha. Aliponunua blanketi, Nahodha kalituma. Na boti? "Ya mume wangu, mimi namshikia tu." Alidanganya vizuri mno, hata wanawake wenye waume ndani wakaanza kumwonea wivu. Binti akaolewa kwa heshima zote, akaingia ukoo wa watu wanaojali sana nani kazaliwa na nani.

Ndipo ukaja mradi.

Watu waliitwa gatini, na binti mmoja mpole mwenye kofia pana, ambaye wote walimwita dada wa mradi, akaeleza kilichomleta.

"Moshi wa boti moja ndogo mtu anaudharau," alisema. "Lakini boti ndogo za biashara ni nyingi, na zinachoma dizeli kutwa. Hewa ya ukaa inaongezeka, joto la dunia linapanda. Mwenye boti atuachie injini yake, sisi tumfungie mota ya umeme na betri. Mtachaji hapahapa gatini, kwa sola."

"Injini zetu mtazipeleka wapi?" mtu aliuliza.

"Zinavunjwa mbele ya macho yenu. Mwenye boti ndiye anayepiga nyundo ya kwanza. Tukiziacha nzima zitauzwa, zikatoe moshi kwenye maji ya wengine."

Mwenyekiti wa gati akaongeza kuwa mvua zikiisha, boti ya moshi haitafunga kamba pale tena. Wanaume wakanuna, mikono kwapani. Mama Masizi akanyoosha wake. Kifua kilikuwa kimeshakubali kabla ya kichwa.

"Hongera, mama!" dada wa mradi alisema. "Boti ni yako?"

Macho yote yakamgeukia. Mbele kabisa, juu ya ndoo aliyoipindua, alikaa mama mkwe wa bintiye. Ulimi ukashika njia uliyoizoea.

"Ya mume wangu. Amesafiri."

"Basi siku ya kuvunja injini, baba awepo."

Kesho yake akamwendea mwenyekiti ofisini.

"Mzee, mimi sina mume."

"Amekufa?"

"Hajafa. Ameniacha. Tangu injini ilipogoma."

Mwenyekiti akaacha kuchokonoa meno. "Mama, si juzi tu ulisema kakutumia blanketi? Mke wangu amenisuta kwa ajili ya blanketi hilo. Eti, 'Mume wa mwenzangu yuko mbali anatuma, wewe uko hapahapa hata sabuni hununui!'"

"Nilidanganya."

"Na mimi nitajuaje kuwa sasa ndiyo hudanganyi? Mota ya bure imekuja, na mume naye hayupo?" Alicheka, wala hakuwa na ubaya. "Usijali. Kuna mtu alimwona mji wa pili, nimeshampelekea salamu. Anakuja."

Akaja. Shati limepigwa pasi na mwanamke mwingine, viatu vinang'aa. Injini ilikuwa imetolewa, imewekwa juu ya mbao. Mama Masizi aliamka akaifuta yote kwa mafuta ya taa, isife chafu.

"Mke wangu, hujambo? Umekonda. Nimekuachia kazi nyingi."

"Usiniite mkeo," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Jamani, nisikilizeni. Huyu alinikimbia. Injini nimeinunua kwa cherehani ya mama yangu, na ilipokufa nimeifufua mimi. Hajatuma hata kijiko!"

Nahodha akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

"Bati la nyumba alilileta nani?"

Mama Masizi akaitazama injini juu ya mbao.

"Na blanketi? Jamani, blanketi hakulipokea?"

"Alilipokea!" wanawake wawili watatu wakadakia. "Alituonyesha!"

"Ndiyo hasira za mwanamke aliyekaa peke yake," Nahodha alisema. "Mimi simlaumu. Ningekuja mapema."

Watu wakaangua kicheko, na mmoja akasema Mama Masizi amepanda bei sasa kwa kuwa kaona umeme. Mama Masizi akamtafuta bintiye kwa macho. Bintiye alijua yote. Siku mswaki ulipokutwa haupo, walikuwa pamoja. Alikuwa amesimama ubavuni kwa mama mkwe wake, mtoto mgongoni.

"Sema, mwanangu," mama alimwambia.

Mama mkwe akageuza shingo polepole kumtazama. Binti akaanza kukaza mbeleko ambayo haikuwa imelegea. Akaikaza, akaikaza tena.

"Baba alikuwa safarini," alisema kwa sauti ya chini.

Mama hakuwa na sababu ya kumkasirikia. Alikuwa amemlea kwa maneno hayohayo.

Nahodha akapewa nyundo. Pigo la kwanza liliteleza likagonga ubao, watu wakacheka. Mapigo yaliyofuata aliyarusha ovyo ovyo mpaka chuma kikapasuka na tone la mwisho la oili likatoka, oili safi, aliyoibadilisha mkewe. Dada wa mradi akapiga makofi kwa moyo wake wote. Naye angelaumiwa kwa lipi? Aliuliza, akajibiwa.

Siku hizi Mama Masizi anavuka kwenda ng'ambo kufulia watu nguo. Boti inapita bila kelele, maji yanaonekana yanavyokatika mbele yake, na shati jeupe linashuka jeupe. Kifua chake hakijapona. Anakohoa, na abiria wanageuka kumtazama, maana sasa hakuna kingine kinachokohoa mle ndani. Nahodha amekaa nyuma, vidole viwili kwenye usukani. Nauli inakusanywa na kaka wa yule mwanamke mwenye duka, mtu asiye na masihara.

"Nauli, mama."

"Mimi ni mke wa mwenye boti," anamjibu kila siku, kwa sababu mke halipi, na mfuaji nguo hana cha kulipa.

Juzi abiria mmoja mgeni, mwanamke mwenye kikapu, alikaa karibu naye akashangaa.

"Boti nzuri hii, haina hata harufu. Ya nani?"

Mama Masizi akayatazama maji.

"Ya mume wangu," alisema.

"Umebahatika, dada yangu," mgeni akamwambia, akamsogezea kikapu chake amshikie.